Barua ya wazi kwa wasimamizi wa utangazaji: fungueni ving'amuzi, mawimbi tunayo

Waheshimiwa,

Ninawaandikia ninyi mnaogawa masafa, mnaotoa leseni za utangazaji na mnaoamua ni ving'amuzi vya aina gani viuzwe. Mimi ni fundi wa antena na madishi, na wateja wangu karibu wote wanaishi mbali na mji. Cheo sina. Nina ngazi, spana namba 10 na 13, na miaka mingi ya kupaza sauti nikiwa juu ya paa: "Imeshika?" na mtu wa ndani ananijibu, "Bado, rudisha kidogo!"

Hivi karibuni mzee mmoja alinipigia simu akasema televisheni yake imekufa. Nilipofika nilikuta televisheni nzima, dishi limetulia, waya haujaguswa na panya. Kwenye kioo palikuwa na sentensi moja tu: kifurushi chako kimekwisha, tafadhali lipia. Nikabonyeza rimoti hadi kwenye kituo cha umma, kile kinachosoma taarifa ya habari na matangazo ya serikali. Sentensi ileile. Mzee akakaa kimya kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo fundi, hata serikali ikitaka kuniambia jambo, kwanza nilipie?"

Sikuwa na jibu. Mawimbi ya kituo kile yalikuwa yanapita juu ya paa lake saa ileile, kama yanavyopita mchana na usiku, awe amelipa au hajalipa. Kilichofungwa ni kile kisanduku chini ya televisheni, na ruhusa ya kukifunga hivyo ilitoka ofisini kwenu.

Nimesikia mara nyingi kwamba dawa ya televisheni vijijini ni kufikisha kebo, na siku hizi wanaongeza: au intaneti. Mimi nasema hivi: sehemu nyingi za vijijini mawimbi ya bure yameshafika, au yamekwama nyuma ya kilima kimoja tu. Tunachokosa ni kisanduku kisichotufungia, mtambo mdogo wa kuyavusha kilima, na karatasi ya kutuambia antena tuielekeze wapi. Hayo matatu yako mikononi mwenu, na hakuna hata moja linalohitaji kuchimba mtaro.

Kebo naijua vizuri na siichukii. Ila kebo hulipa pale nyumba zilipobanana. Mjini kilomita moja ya waya inapita mbele ya mamia ya milango, kijijini kilomita hiyohiyo inaweza kukutana na nyumba tatu. Na waya hauendi peke yake. Mawimbi yanachoka njiani, kwa hiyo kila baada ya mita mia kadhaa kunahitajika kifaa cha kuyaongezea nguvu, na kifaa hicho nacho kinataka umeme. Hesabu hiyo hailipi kwa mwekezaji yeyote, na ndiyo sababu ahadi za kebo kijijini huwa zinaishia kwenye hotuba.

Kinachonichekesha ni kwamba kebo yenyewe ilizaliwa kwa ajili ya watu kama sisi. Mwaka 1948, katika mji mdogo wa Astoria, jimbo la Oregon, Marekani, jamaa anayeitwa Ed Parsons aliweka antena juu ya hoteli na kunasa kituo cha Seattle, takriban kilomita 200 kutoka hapo, kisha akavuta waya hadi nyumbani kwake. Majirani wakaomba nao waunganishwe. Miji ya mabondeni huko Pennsylvania nayo ilifanya vivyo hivyo miaka hiyohiyo: antena moja ya jamii juu ya mlima, nyaya chini hadi majumbani. Yaani wazo la kwanza lilikuwa ni watu wa bondeni kushirikiana kupandisha antena moja pazuri. Vifurushi vya mwezi na chaneli mia vilikuja baadaye sana.

Basi niwaeleze tulicho nacho tayari, kwa sababu nahisi wengi wenu hamjapanda paa siku nyingi.

Cha kwanza ni antena ya kawaida, ile yenye vijiti. Mpangilio wake ulibuniwa Japani miaka ya 1920 na Shintaro Uda na Hidetsugu Yagi, na mpaka leo hakuna aliyepata kitu rahisi zaidi. Televisheni ya dijitali ya minarani iko kwenye UHF, kundi la masafa ya juu yanayotumiwa na televisheni, na kwenye MHz 600 wimbi zima lina urefu wa sentimita 50. Kijiti kinachonasa wimbi hilo kinakaribia sentimita 25, kwa hiyo mtu mwenye koleo, waya wa alumini na kipande cha mbao anaweza kujitengenezea antena inayofanya kazi. Nimewahi kukuta moja imetengenezwa na mtoto wa shule kwa kufuata kitabu cha fizikia. Ilikuwa imepinda kama mbavu za mbwa mwenye njaa, lakini ilishika.

Siri iko kwenye kimo. Mawimbi haya yanakwenda karibu kama mwanga, ukingo wa dunia unayakata. Mnara wa mita 150 unaona takriban kilomita 50 kwenye tambarare. Antena yako ikiwa mita 4 juu ya ardhi inaongeza kilomita 8 hivi, ukiipandisha hadi mita 9 inaongeza zaidi ya 12. Nguzo ndefu kidogo, basi, inaweza kuirudisha nyumba nzima ndani ya eneo la mnara. Kisha ni waya. Waya mzuri wa antena, kwenye masafa hayo, hupoteza karibu nusu ya nguvu katika mita 20. Ule mwembamba unaouzwa umeviringishwa kwenye mfuko wa nailoni hupoteza zaidi. Nusu ya kazi zangu za "televisheni mbovu" zinakwisha kwa kubadilisha waya na kukaza kiungio kilichoota kutu, na mteja ananitazama kama nimemficha ugonjwa halisi.

Enzi za analojia, mfumo wa zamani kabla ya dijitali, mtu aliye mbali alikuwa anapata picha yenye chenga, lakini sauti anasikia na mpira anauona, hata kama kuna mipira miwili. Dijitali haina huruma hiyo. Mawimbi yakitosha picha ni safi kabisa. Yakipungua kidogo tu, picha inakatika vipande, inaganda, kioo kinabaki cheusi. Kwenye ramani zenu mtu wa pembeni alihesabiwa kuwa ndani ya eneo kabla ya kuzima analojia. Baada ya kuzima, yuko gizani, na bado anahesabiwa kuwa ndani. Naomba siku moja mtume mtu mwenye kipimo, si mwenye ramani.

Cha pili ni dishi. Setilaiti za televisheni zinakaa kilomita 35,786 juu ya ikweta na kuzunguka sawa na dunia, ndiyo maana zinaonekana kama zimesimama. Uzuri wake kwa mtu wa kijijini ni kwamba mlima haumsumbui ilimradi upande ule wa anga uko wazi, na kwamba mvuvi wa kisiwani na waziri wa mji mkuu wanapata mawimbi yaleyale kwa nguvu zinazokaribiana. Dishi la sentimita 60 hadi 90 linatosha kwa chaneli nyingi za masafa ya setilaiti yanayoitwa Ku. Zile za masafa ya chini zaidi, yaitwayo C, zinataka dishi kubwa, mara nyingi mita 1.8 na zaidi, na hapo ndipo wanajamii wanaweza kuchanga wakaweka moja la pamoja.

Kulielekeza ndiko kunakotaka subira. Ukikosea digrii moja tu hapa chini, kule juu umekosea zaidi ya kilomita 600, na setilaiti nyingine iko digrii mbili tatu pembeni, kwa hiyo unaweza ukanasa lugha usiyoielewa na kudhani umefika. Unalegeza nati kidogo, unasukuma dishi kwa kidole kimoja, unasubiri king'amuzi kifikirie, unasukuma tena. Wanaoharakisha hushuka jioni hawajapata kitu. Dishi likishakazwa vizuri, hata hivyo, linakaa miaka. Halidai malipo ya mwezi wala halimtambui mwenye nyumba. Mawimbi yanateremka tu.

Ndiyo nafika kwenye kisanduku, na hapa ndipo nina ugomvi na ninyi.

Watu wengi kijijini walinunua king'amuzi kwa sababu waliambiwa bila hicho televisheni zao zitazimika. Walikwenda dukani wakakuta kilichopo ni cha kampuni ya kulipia, kwa bei ya chini kwa sababu kampuni inategemea kurudisha fedha yake kwenye vifurushi. Sioni kosa la kibiashara hapo. Kosa ni kwamba programu iliyo ndani ya kisanduku hicho imeandikwa ili ikose kufungua chochote malipo yakikwisha, hata chaneli ambazo mwenyewe mrushaji anazitoa bure. Au zinafunguka kwa mwezi mmoja, baadaye zinafungwa. Au zinabaki mbili, na moja kati ya hizo mbili ni ya kutangaza vifurushi vya kampuni yenyewe! Mteja hawezi kukitumia kisanduku hicho kwingine pia, kwa sababu hakitafuti chaneli zisizo kwenye orodha ya kampuni. Amenunua chombo, lakini ufunguo umebaki kwa muuzaji.

Hali hii haikuandikwa mbinguni. Marekani ilipozima analojia ya vituo vikubwa tarehe 12 Juni 2009, serikali ilizipa kaya kuponi za dola 40, mbili kwa kila kaya iliyoomba, za kununulia kisanduku cha kubadilishia. Kisanduku hicho hakikuwa na kadi wala kifurushi. Uingereza, kampuni ya kulipia iliyokuwa ikirusha kwa minara ilianguka mwaka 2002, na Oktoba mwaka huohuo masafa yake yakaanza kubeba Freeview: unanunua kisanduku mara moja, unaangalia. Ni kweli huko kaya inalipia leseni ya televisheni, hilo nalijua, lakini hakuna anayezimiwa kituo usiku wa tarehe 30. Nyuzilandi walianza Freeview yao mwaka 2007, tena kwa setilaiti kwanza. Australia, walio mbali na minara wanawekewa huduma ya setilaiti inayoitwa VAST, bila ada ya mwezi.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa India. Desemba 2004 shirika la utangazaji la umma lilianzisha huduma ya setilaiti inayojulikana leo kama DD Free Dish. Mtu ananunua dishi dogo na kisanduku, basi, hakuna malipo mengine. Mamilioni ya nyumba zimejiunga, nyingi za vijijini. Nani analipa? Vituo binafsi vinashindana kwa mnada kupata nafasi humo ndani, kwa sababu vinataka watazamaji wa kuuzia matangazo ya biashara. Mtazamaji wa kijijini, ambaye huku anahesabiwa kuwa ni hasara, kule ni mali inayogombewa. Mkiniambia hakuna fedha za kuendesha huduma ya bure, nitawarudisha kwenye mnada huo.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni la sentensi moja kwenye leseni: kisanduku chochote kinachouzwa kiendelee kufungua chaneli zote za bure, siku zote, hata kama mwenye nacho hajalipa kifurushi tangu alipokinunua. Sentensi ya pili iseme kiweze kutafuta chaneli chenyewe, bila kufungwa kwenye orodha ya kampuni moja. Mkiweza kuongeza ya tatu, iwalazimishe wauzaji wa televisheni kuandika kwa herufi zinazosomeka kama ndani yake mna king'amuzi, na cha aina gani. Nimekuta nyumba ambazo zimenunua kisanduku wakati televisheni yenyewe ina DVB-T2 ndani, yaani king'amuzi cha mawimbi ya dijitali ya minarani, kimelala tu. Nimekuta pia wale waliouziwa televisheni yenye DVB-T ya zamani, ambayo mawimbi ya DVB-T2 haiwezi kuyasoma hata uipandishe juu ya mnara wenyewe. Tofauti yao ni tarakimu moja kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma, na muuzaji hajawahi kuisoma.

Kuhusu intaneti nitakuwa mfupi. Video ya ubora wa kawaida inakula takriban GB 1 kwa saa, na ya ubora wa juu takriban GB 3. Familia inayoangalia saa tatu kwa siku, kwa ubora wa kawaida, inahitaji karibu GB 90 kwa mwezi. Mtu anayenunua bando la siku moja ili atume ujumbe hawezi kuingia kwenye hesabu hiyo. Halafu kila anayeongezeka kuangalia anauelemea mnara wa simu, ilhali mnara wa televisheni haujui kama wanaoangalia ni kumi au ni elfu kumi. Yanayohitaji kuulizwa na kujibiwa yaende kwenye intaneti. Taarifa ya habari ya saa mbili usiku, ambayo kila mtu anaitaka kwa wakati mmoja, imekaa vizuri zaidi angani.

Umeme nao msiusingizie. Televisheni ya kisasa ya inchi 24 inakula wati 20 hadi 30, kisanduku kama wati 10. Paneli moja ya sola na betri nzuri vinaimudu jioni nzima, na ziko televisheni za volti 12 zisizohitaji hata inveta.

Sasa masafa. Makubaliano ya Geneva ya mwaka 2006 yaliweka tarehe 17 Juni 2015 kuwa mwisho wa kulinda analojia isiingiliwe na mawimbi mengine kwenye UHF katika Ulaya, Afrika na sehemu za Asia. Moja ya sababu ilikuwa kwamba dijitali inabana chaneli nyingi mahali pamoja, na nafasi inayobaki inaweza kupewa simu. Ndivyo ilivyokuwa: masafa ya kuanzia MHz 694 hadi 862, yaliyokuwa ya televisheni, yakafunguliwa kwa intaneti ya simu, na serikali nyingi zikayauza kwa fedha nzuri. Sina neno na hilo. Lakini waliopisha ni watazamaji, na waliopoteza zaidi ni wale wa pembeni niliowataja, wa chenga. Ninachouliza ni hiki: katika fedha zile, ni kiasi gani kilirudi kujenga mitambo midogo ya kujaza mapengo nyuma ya vilima?

Mtambo wenyewe si kitu cha kutisha. Antena moja inatazama mnara mkuu kutoka kileleni, kifaa kinaongeza nguvu, antena nyingine inatazama bonde. Kwa bonde moja wati chache zinatosha, na sola inaziweza. Marekani kwenye milima ya magharibi na Australia vijijini, jamii zenyewe zimeruhusiwa kwa miaka mingi kumiliki mitambo ya namna hii. Wekeni leseni nyepesi: fomu ya kurasa mbili, masafa mtupangie ninyi ili tusigongane na wengine, mkaguzi aje mara moja kupima, basi. Nguzo na ulinzi wanakijiji watavipata. Msitudai leseni ya kituo cha utangazaji kwa kuvusha mawimbi ambayo ninyi wenyewe mmeyarusha. (Na mkaguzi akija, aangalie waya wa radi umeingia ardhini kweli. Nimeona nguzo za chuma zimesimikwa vilimani bila waya huo, nikarudi nyumbani sina usingizi.)

La mwisho ni dogo mno hata naona aibu kuliandika. Chapisheni jedwali. Kila mnara: uko wapi, una kimo gani, unarusha kwenye masafa gani, antena isimame wima au ilale, chaneli zipi ni za bure. Kwa setilaiti: digrii ngapi, masafa, mwelekeo wa wimbi, kasi ya alama, yaani zile namba king'amuzi kinazoziuliza kinapotafuta chaneli. Likibadilika, libadilisheni siku hiyohiyo na mlisome redioni. Leo hii mimi napata habari hizo kwa kuulizana na mafundi wenzangu, na kwa kukaa juu ya paa nikitafuta kama mtu aliyeangusha sindano. Masafa yakihamishwa bila taarifa, vijiji vizima vinaamka vioo vikiwa vyeusi, na kila mtu anadhani ni kifaa chake kimeharibika. Wapo wanaokwenda kununua kingine.

Yule mzee nilimfungulia televisheni nyuma nikasoma karatasi. DVB-T2 ilikuwemo. Nikachukua antena ya vijiti niliyokuwa nayo kwenye baiskeli, nikaifunga kwenye nguzo ileile ya dishi, nikaigeuza kuelekea upande ninaoujua una mnara, akaweka kutafuta. Zilikuja chaneli saba. Kituo cha umma kilikuwa cha tatu. Dishi ameliacha pale juu, anasema atalishusha siku mtakapomjibu swali lake.

Wenu katika kazi,
Fundi antena